Chati ya Kambakoche Yafika Wamaza

Kuanzia Jumatatu hiyo, kwa Uamuzi namba kumi na nne wa Biro ya Lishe Bora ya Kusini, kila mkazi wa Kasongo na Kabambare alitakiwa kujua thamani ya lishe ya kambakoche aliyepikwa. Tangazo lilisomwa redioni mara tatu, msikitini mara moja, na kanisani Jumapili, kati ya matangazo mawili ya ndoa.

Kambakoche ni mnyama wa baharini, mwenye gamba gumu, miguu kumi na sharubu ndefu. Kutoka Kasongo hadi baharini ni mbali kiasi kwamba hakuna aliyewahi kwenda huko kutafuta kitoweo. Lakini Bwana Ruphin, mkuu wa Biro, hakuwa mtu wa kuzuiwa na umbali.

Wala hakuwa mtu wa kubahatisha. Kutoka makao makuu alikuwa ametumiwa maboksi kumi na mawili ya chati za chakula: maharage, sombe ya majani ya muhogo, karanga, mahindi, samaki wa mtoni na kadhalika. Kwenye kivuko cha mto Lualaba mvua iliyapiga kwa saa nne, na maboksi kumi na moja yakageuka uji wa karatasi. La kumi na mbili lilitoka zima, kwa sababu chati zake zilikuwa zimefunikwa kwa plastiki. Ruphin alilifungua mwenyewe, akamkuta kambakoche mwekundu amechorwa juu ya sahani, anang'aa. Akakaa chini kufikiri, na fikra yake ilikuwa nzito: serikali haivalishi kitu plastiki bure. Kama maharage yangekuwa muhimu, yangevalishwa.

Akaandika Uamuzi. Kifungu cha nne kilisema kwamba chakula chochote kisicho na chati kimesimamishwa kwa muda.

Kifungu hicho ndicho kilichoifikia sufuria ya kijiji cha Wamaza. Kila Alhamisi, kwenye kituo cha afya, muuguzi Emilienne alipika uji wa mahindi, soya na karanga kwa watoto waliodhoofu. Aliwapima mkono kwa utepe wenye rangi tatu: kijani ni mzima, njano ni wa kuangaliwa, nyekundu ni hatari. Ajenti wa Biro alifika, akapitisha mnyororo kwenye mikono ya sufuria na juu ya kifuniko, akatia kufuli. Ufunguo ukaenda Kasongo, mfukoni mwa Ruphin.

Emilienne naye akapanda pikipiki, akaufuata.

"Shefu, mutoto wa Chimène iko kwenye nyekundu. Fungua sufuria."

"Mama Emilienne, ndani ya sufuria kunapikwa nini?"

"Mahindi, soya na karanga. Unajua."

"Chati zake ziko wapi?"

"Si zililowa kwenye kivuko? Ninyi wenyewe mulisema."

"Basi umejibu mwenyewe." Ruphin alikunja mikono juu ya meza. "Chakula hakina chati."

"Na mutoto anakula chati?"

Ruphin alimsamehe. Alijua watu wa mashambani wana haraka. Akamweleza taratibu kwamba mtu asiyejua anachokula hajala, amemeza tu. Sufuria itafunguliwa siku wamama wa Wamaza watakapofikia ujuzi wa asilimia mia moja, na Inspekta wa jimbo atakapothibitisha kwa macho yake.

"Mia tu?" aliuliza Emilienne.

"Mia tu."

"Nipe chati kumi."

Akapewa, akatia sahihi mahali pa kupokea, akaondoka bila kuaga. Ruphin aliona hilo, lakini hakuliandika kwenye faili. Alikuwa na moyo mkubwa.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kazi. Brigedi ya Vitu Vinavyong'aa, inayosimamia madini, ilileta barua kutoka Lusangi kudai kwamba, kwa kuwa chati inataja zinki na shaba ndani ya kambakoche, mnyama huyo ni mgodi na lazima awe na kibali. Ruphin alijibu kwamba ni mgodi pale anapokuwa mbichi tu. Akishapikwa ni lishe. Barua kumi na tisa zilipita kati ya ofisi hizo mbili, na pande zote zilikubali kwamba kazi inasonga.

Wiki ya tano akafika Inspekta Octave, mtu mnene, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Wakatoka Kasongo alfajiri kwa pikipiki mbili, bila kunywa hata chai. Hiyo ilikuwa heshima. Huko Wamaza mgeni wa mbali hupokelewa kwa kuku, na anayefika ameshiba huwa amemdharau mwenyeji. Kila walipokwama kwenye matope, Ruphin alimsimulia Inspekta habari za kuku huyo: mafuta ya mawese, pilipili, bugali ya moto. Walikwama mara sita.

Walifika saa tisa alasiri. Wamama walikuwa wamekaa kwa mistari. Chimène alisimama, mtoto mgongoni, akasema kwa pumzi moja:

"Kambakoche aliyepikwa, gramu mia. Kalori themanini na tisa. Protini gramu kumi na tisa. Mafuta chini ya gramu moja. Wanga hakuna. Zinki, miligramu nne. Seleni, mikrogramu sabini na tatu. Chumvi yake ni nyingi kidogo, mwenye presha ajihadhari."

Akakaa. Akasimama mwingine, akasema vilevile. Na mwingine. Bibi mmoja kipofu alisema mpaka jina la kiwanda kilichochapisha chati. Inspekta aliandika asilimia mia moja, akapiga mstari chini yake mara mbili. Ruphin alifuta macho kwa kitambaa.

Ndipo wageni wakaletewa maji na sabuni. Wakanawa. Sala ikasaliwa. Meza ikawekwa sahani mbili zilizofunikwa, na Emilienne akafunua.

Katika kila sahani kulikuwa na chati, imepanguswa vizuri, inang'aa.

"Karibuni," alisema. "Gramu mia kwa kila mutu."

Inspekta alitazama chini ya chati. Akatazama chini ya sahani.

"Na kuku, mama?"

"Kuku hana chati, Papa. Tulimusimamisha."

"Bugali?"

"Nayo."

"Naona ndizi pale nje."

"Ile tumeiandikia Biro barua. Tunangoja jibu."

"Mama, mimi sijala tangu jana jioni!"

"Soma polepole, Papa," alisema Chimène kwa upole. "Ukisoma haraka hautashiba. Mutoto wangu iko anaisoma hii wiki ya tano."

Inspekta alimgeukia Ruphin.

"Ufunguo."

"Mheshimiwa, utaratibu ni kwamba muhtasari unarudi Kasongo, unapigwa mhuri, na baada ya siku kumi na tano…"

"Ufunguo, Ruphin!"

Kufuli likafunguka. Moto ulikuwa tayari umewashwa nyuma ya nyumba. Unga ulikuwa umeshatwangwa. Uji ulipoanza kunukia karanga, Inspekta alikwenda kusimama karibu na sufuria, na Ruphin nyuma yake. Emilienne akatoa utepe.

"Hapa tunaanza na nyekundu, halafu njano. Nipe mukono, Papa."

Utepe haukuuzunguka mkono wa Inspekta hata nusu. "Kijani," alisema Emilienne, akaandika. Akaupima wa Ruphin. "Kijani. Mukae mwisho wa mustari."

Mtoto wa Chimène alikunywa kikombe kizima, akashika kikombe kwa mikono miwili, akataka kingine, akapewa. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, bila haraka. Zamu ya kijani ilipofika, kijiko kilikuwa kinakwaruza chini ya sufuria tupu.

"Alhamisi ijayo," alisema Emilienne.

Ruphin alirudi mezani. Inspekta alikuwa ameshaketi, na hakumsogezea kiti. Kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine, Ruphin alivuta sahani yake, akaanza kusoma kutoka juu, polepole, kama alivyoshauriwa.