Dawa Iliyobaki Dirishani

Jumatatu, 3 Juni

Maziwa ya ng'ombe wangu Naibor yametoka na mabonge. Wiki hii! Jumamosi ni maonyesho ya ng'ombe wa maziwa kule Isinya, na kombe ni langu. Yaani la Naibor. Jirani yangu Njuguna, ambaye pia anapeleka ng'ombe wake, amechungulia juu ya fensi akauliza kama nitamwita Daktari Phylis. Daktari! Mimi, Lemein, niliyeanza kudunga ng'ombe kabla Phylis hajazaliwa! Niko na dawa ya kiwele dirishani, ilibaki mara ya mwisho. Nimeitia kwenye chuchu. Kazi safi.

Jumanne, 4 Juni

Maziwa meupe! Nimeacha dawa, iliyobaki nimeirudisha dirishani. Mke wangu Seleyian amesema dozi humalizwa. Nikamweleza kwamba mtu akishiba huacha kula, hamalizi sufuria. Akaniangalia, kisha akaangalia sufuria.

Jumatano, 5 Juni

Balaa! Kiwele kimevimba, kina moto, kigumu kama jiwe. Naibor amenipiga teke. Mimi! Nimemaliza ile ya dirishani, nikaongeza kidogo ile ya manjano ya mbuzi. Wapi! Hali majani, hacheui. Nilikaribia kulia.

Seleyian amempigia Phylis simu bila ruhusa yangu. Phylis amechukua maziwa kwenye kichupa, yapimwe maabara Kajiado. Akauliza nimekuwa nikitumia dawa gani miaka hii yote. Nikamtajia zote, na jinsi ninavyobakisha. Aliziandika zote, akazipigia mstari mara mbili. Ni heshima, nadhani.

Ijumaa, 7 Juni

Majibu! Phylis anasema ni bakteria wanaoitwa streptokokasi. Kila nikikatisha dozi, wanyonge wanakufa, sugu wanabaki. Hao wako na jeni za kushinda dawa, wanawarithisha watoto wao, na hata wanapeana wenyewe kwa wenyewe. Dawa zangu zote mbili wanazidharau. Imebaki aina moja tu, ya sindano. Nayo ikishindwa, kiwele kimekwisha, Naibor anaenda bucha. Maonyesho hapana. Maziwa yamwagwe.

Nimeuliza kama kuna mtu mwingine hapa Kitengela mwenye bakteria kama hawa. Amesema bado hajakutana nao. Hajakutana nao! Nimemwita Njuguna mbio. Nikamwambia bakteria wangu wamesoma. Nikamkamulia mabonge kiganjani ajionee. Ameshangaa vizuri, akajipangusa kwenye suruali, akaenda kumkamua ng'ombe wake.

Jumamosi, 8 Juni

Njuguna ameshinda. Kombe lenyewe ni dogo.

Alhamisi, 13 Juni

Kiwele laini! Naibor anakula, anacheua, amenilamba mkono. Nimefurahi mpaka nikamwimbia. Sindano za Phylis zimesaidia, sawa, lakini nani alikuwa anamshika kichwa?

Zimebaki dozi mbili chupani. Seleyian ameenda Embulbul kwa dada yake, ameniachia nidunge mwenyewe. Amenionya kuanzia mlangoni hadi barabarani. Lakini ng'ombe amepona, ninaona kwa macho yangu! Nimeiweka chupa dirishani.

Jioni Njuguna amechungulia juu ya fensi, uso umemshuka. Ng'ombe wake ametoa mabonge. Akauliza kama amwite Daktari Phylis.

Daktari! Nimempa nusu ya chupa. Nusu nyingine nimeirudisha dirishani, maonyesho ya mwaka ujao hayako mbali.