Makarius na Cheche ya Bondeni Titye

Jongeeni, enyi wana wa nyanda za juu, ninyi mliokwisha kusukuma pikipiki kupanda mlima; tegeni masikio niwasimulie vita vilivyopiganwa mchana kweupe, baina ya mwanamume mmoja na cheche iliyokataa kuonekana.

Aliondoka Kasulu Makarius, simba wa kijiwe cha bodaboda, mpasua vumbi, mshinda matope, na nyuma yake ameketi Shangazi Ndayikunda, mlinzi wa lango la ukoo. Shangazi alikuwa akienda Titye kuwaambia kaka zake kama Esteri, binti yao, aolewe na huyu Makarius au asiolewe. Neno lake lilikuwa halirudi.

Kileleni shujaa akatenda kama watendavyo mashujaa wote wa njia ile: akazima injini kubana mafuta, wakateremka kwa uzito wao tu. Bondeni akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena na tena, hata goti likaomba radhi.

Ndipo akamshusha Shangazi, akatangaza vita. Akaing'oa plagi, akaipiga msasa, akaigusisha kwenye chuma cha injini huku akipiga kiki: cheche hakuna. Akaufuata waya hadi kwenye koili inayoipa plagi umeme, akaukaza, akaupuliza. Alimpenda Esteri kwelikweli, na asiyeweza kuwasha pikipiki yake atapewaje mke?

"Ewe plagi," akanguruma, "nimekufuta kwa shati langu mwenyewe. Leo unanivua nguo mbele ya Shangazi?"

Akairudisha mahali pake, akauinamia usukani kwa aibu, na hapo macho yake yakaangukia swichi nyekundu ya kuzimia injini, ile aliyoizima mwenyewe kule kileleni. Akakohoa kwa nguvu, akajifanya anafuta kioo, na kidole gumba kikapita juu ya swichi kama mwizi wa mahindi. Kiki moja tu, injini ikavuma, mbuzi wa ng'ambo wakatimua mbio.

"Koili ilikuwa imechoka, Shangazi," akasema kwa adabu.

Shangazi akapanda, akakaza kitenge chake.

"Kidole nimekiona, mwanangu. Aliyemposa Esteri kabla yako alisahau swichi hiyohiyo, akasema mimi ni mzito nimeiua pikipiki yake. Wewe lawama umeitupia koili. Twende, nikawaambie kaka zangu mkwe amepatikana."

Hivyo ndivyo Titye ilivyotekwa, enyi wana wa nyanda za juu, na Makarius akaupanda mlima uliofuata akiimba, injini ikiwaka njia nzima.