Friji la Nadhima na Ukuta wa Abu Rafid

Jumapili, 1 Agosti 2010

Nimetukanwa leo. Na kamati ya usalama wa mtaa! Watu watano wenye mafaili, hakuna hata mmoja anayejua kushika kikombe cha chai bila kujimwagia. Wamesema mchezo wa pete wa Ramadhani hautachezwa mkahawani kwangu mwaka huu. Miaka thelathini na mmoja umechezwa hapa, chini ya kioo kikubwa cha marehemu baba! Wageni wanatoka ng'ambo ya mto, wanapanga safu, ngumi zote zimefungwa, pete iko ndani ya ngumi moja, na mimi Mizhir napita mbele yao nawasoma nyuso mpaka mwenye nayo anatokwa na jasho. Baghdad nzima inanijua. Lakini kamati yasema: bila kinga, hakuna mchezo.

Mwenyekiti wao, Sayyid Hatim, alinieleza kama anamweleza mtoto wa chekechea. Eti mkahawa uko chini ya mteremko wa daraja. Gari likija kwa nia mbaya, au kwa breki mbovu, litaingia mpaka jikoni. Eti bomu likilipuka barabarani, vioo vyangu vitachinja watu. Nikamwambia vioo vyangu havijawahi kumkwaruza mtu ila mpwa wake, na siku ile alikuwa amelewa. Akaliandika hilo failini.

Na Abu Rafid, yule wa mkahawa wa ng'ambo ya barabara, anayechemsha maji ya kutu akayaita chai? Keshaomba kuta za zege za kiwandani, zile ndefu zenye mguu mpana. Kashauriwa na mhandisi wa idara ya ujenzi. Mhandisi gani? Bushra. Binti yangu wa kumzaa!

Bushra kaniletea fomu niombe na mimi. Nimeisoma. Mwombaji wa kwanza: Abu Rafid. Mwombaji wa pili: Mizhir. Wa pili! Fomu nimefunikia birika.

Kamati inakuja kukagua Jumatatu ijayo, tarehe tisa. Waje. Watakuta ngome.

Jumanne, 3 Agosti

Kazi tangu alfajiri. Mgongo umekufa. Nimepanga mbele ya mkahawa mapipa sita ya mafuta, beseni moja la kuogea la chuma, na mafriji manne mabovu. Yote nimeyajaza matofali yaliyovunjika, misumari, vipande vya jenereta la zamani, na bomba lililokuwa linanikwaza uani tangu vita na Iran. Serikali inanunua zege. Mimi natumia akili.

Mafriji matatu nimeyaokota jalalani. La nne lilikuwa nyumbani kwetu, limekaa kimya siku mbili, halingurumi, halina baridi. Limekufa, nikasema, na maiti haikai jikoni. Mke wangu Nadhima alikuwa kwa dada yake. Bamia na sufuria la dolma, zile mboga za kujazwa wali, nilivyovikuta ndani nimewapa paka. Mimi si mchoyo.

Abu Rafid alisimama mlangoni kwake akauliza kama nafungua duka la vyombo vya umeme. Nikamjibu kwamba ndiyo, na yeye ndiye wa kwanza nitakayemgandisha.

Alhamisi, 5 Agosti

Siku chafu.

Kwanza, kuta za Abu Rafid zimefika. Winchi, malori mawili, wanaume kumi na mmoja, na Bushra katikati yao amevaa kofia ya plastiki, anaelekeza kwa kidole kama jenerali. Kila ukuta umeshikanishwa na mwenzake. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Wateja wangu wawili nao wakaenda, na vikombe vyangu mkononi!

Halafu akaja kwangu. Aliyazunguka mafriji, akalisukuma moja kwa mguu. Akaniambia, baba, hiki si kizuizi, hili ni bomu ambalo halijapata baruti. Eti mlipuko ukitokea, kila tofali na kila msumari niliopakia utaruka kama risasi, na watakaopigwa ni wale waliokaa ndani kwangu. Eti gari likigonga, mafriji yatateleza kwa sababu hayakushikwa na kitu. Kuta za kiwandani zimepimwa, wamezigonga kwa malori wakaona zinasimama. "Friji lako nani kalipima?" Nikamwambia friji langu limepimwa na mamako miaka kumi na minane, analifungua kwa teke na bado lipo.

Laiti nisingelimtaja mamake. Nadhima alikuwa ndiyo anashuka teksini, na umeme ulikuwa ndiyo umerudi.

Kumbe friji halikuwa limekufa. Umeme ulikatika siku nne! Mji huu umeme unakatika kila siku, sasa mtu atatofautishaje friji lililokufa na friji linalosubiri? Hakutaka hoja. Alipoona matofali mahali pa bamia alitoa sauti ambayo sijaisikia tangu harusi yetu. Akanipa majina matatu mapya. La mwisho sitaliandika, maana daftari hili nalihifadhi karibu na msahafu.

Nalala mkahawani.

Jumamosi, 7 Agosti

Mjinga mmoja mwenye lori la matikiti alirudi nyuma ili ageuze. Polepole! Mtoto anayejifunza kutembea ana mwendo kuliko lile lori. Akaligusa friji la Nadhima. Kuligusa tu.

Friji likaondoka. Likateleza kama limepakwa siagi, likapita kizingiti, likavunja dirisha, likasaga meza mbili za dhumna, likaenda kusimama ndani ya kioo cha marehemu baba. Mlango ukafunguka, matofali yakamwagika. Kizuizi changu mwenyewe kimeingia kwangu bila hodi!

Hakuna aliyeumia. Mzee mmoja alikuwa anakaribia kushinda dhumna, sasa anasema kamwe hatanisamehe. Mwenye lori kaniomba radhi kwa tikiti moja. Moja! Na halijaiva.

Bushra alikuja na ufagio. Akazoa vioo. Ufagio ule uliniudhi kuliko mahubiri. Alipomaliza akaweka fomu nyingine juu ya meza, na kalamu. Kwa hasira nikaitumia kalamu kuchora.

Maana nimepata wazo. Kamati inataka kuona zege? Nitawaonyesha zege.

Jumatatu, 9 Agosti

Mbao za plaiwudi, rangi ya kijivu, mchanga kidogo juu ya rangi mbichi. Kuta tano, ndefu kama za Abu Rafid, mguu mpana kama wa Abu Rafid. Kisha nikachora vinamasi vya kusini, nyati wawili na jua, kwa sababu kuta zote za mji siku hizi zina michoro. Jua lilitoka kama yai, lakini mtu hapimi ukuta kwa jua. Hata mimi nilipita nikajisahau, nikaegemea. Nilianguka nao.

Sayyid Hatim alifika saa nne na mafaili yake. Akasimama mbali, akasema mashallah, Mizhir, hatimaye umetumia busara. Nilikuwa nimeshaanza kummiminia chai!

Ndipo mbingu ikawa nyekundu. Tufani ya vumbi. Miezi yote ya Mungu, siku zote za Mungu, saa nne ya leo! Ukuta wa kwanza ukanyanyuka kama kipepeo. Wa pili ukavuka barabara. Wa tatu ulimchukua Sayyid Hatim, yeye na mafaili, mpaka kwenye gari la muuza barafu. Nyati mmoja amekutwa juu ya paa la Abu Rafid.

Uamuzi wa kamati: mchezo wa pete ni Ijumaa, baada ya futari, kwa Abu Rafid. Nimeapa sitakanyaga pale hata wakinibeba.

Jumamosi, 14 Agosti

Nilikanyaga. Ningefanyaje? Wageni walikuja wamejaa malori, wakaanza kuimba kwamba simba wa mtaa amejificha chini ya kitanda. Nahodha wa mtaa ni mimi! Nikaenda. Chai ya Abu Rafid ni mbaya kuliko nilivyoandika.

Tulikuwa sare kwa pointi. Pete iko kwao, ngumi zao zimefungwa safu kwa safu, mimi napita mbele ya safu ya mwanzo, ile iliyokaa nje, mgongo kwa ukuta wa zege. Kijana mmoja mwenye sharubu alikuwa anapepesa jicho la kushoto. Nilimnyemelea. Nilikuwa na uhakika!

Ndipo tukasikia honi darajani, honi isiyoisha. Lori la maji, breki zimekatika, linashuka. Watu mia mbili, na kati yao na lori ni ukuta tu. Nilimwona Bushra amesimama kando. Uso ulikuwa mweupe, midomo inasali.

Kishindo! Vumbi, maji kila mahali. Ukuta ukasogea nusu hatua, ukasimama. Umesimama! Lori lilikunja pua kama limenusa chai ya mwenye nyumba. Dereva akashuka bila meno mawili, akamshukuru Mungu. Hakuna aliyekwaruzwa. Watu wakalia, wakakumbatiana, Sayyid Hatim akambusu Bushra kwenye kofia.

Lakini kwa mshtuko safu yote ilikuwa imefungua ngumi! Na pete ikaanguka kutoka kwa nani? Mwenye sharubu! Nikairukia, nikapiga kelele: nimeiona, pointi yetu! Na unajua walisema nini, hao wasiojua sheria? Haihesabiki! Eti watu wamenusurika kufa, mzee, keti chini. Nimebishana mpaka koo limekauka. Bushra alinivuta mkono, analia na kucheka pamoja, akaniuliza kama nimeelewa nilikuwa nimesimama wapi. Nimeelewa sana. Nilikuwa nimesimama mbele ya mwenye pete!

Wizi mtupu.

Jumatatu, 16 Agosti

Bushra amekuja na winchi. Zilibaki kuta mbili fupi za kiwandani, akaandika fomu yeye mwenyewe, mwombaji wa kwanza: Mizhir. Amenibusu kichwa, akaziacha mlangoni, akaahidi kwamba kesho watu wake watakuja kuzishikanisha. Mtoto ana adabu, kamlea mamake. Nilikubali bila kubisha.

Zege safi kabisa! Nimewaita wanaume wanane tukaziingiza ndani kwa magogo. Nimezilaza ziwe meza, mahali pa zile zilizovunjwa. Hazitikisiki hata kidogo, dhumna halidondoki, na yule mzee amenisamehe.

Mbele ya mkahawa nimerudisha friji la Nadhima. Safari hii nimelifunga kamba.