Mama Stendi Anataka Kwenda Singapore Peke Yake

"Kitendawili!" nikawatupia.

"Tega!"

"Natoka nyumbani peke yangu, nikifika niendako tumeshakuwa kundi."

Ilikuwa asubuhi, mvua yetu ya Tukuyu imechoka kidogo, inanyunyiza tu kama mtu anayepiga pasi. Kijiwe chetu kipo Ibighi, kwenye baraza la duka la mbegu lililofungwa. Mimi nakaa na jiko langu la kahawa. Wengine wanakaa na midomo yao.

Spika alikuwepo. Jina lake la ubatizo ni Ambilikile. Amestaafu kiwanda cha chai, lakini sauti yake ilizoea kushindana na mashine na mpaka leo haijaambiwa kwamba mashine hazipo. Pembeni yake Mzee Sweta, ndiye Yohane, mkulima wa migomba, anayevaa masweta mawili. La ndani hakuna aliye hai aliyewahi kuliona likifuliwa. Na juu ya pikipiki yake, Hezron tunayemwita Gugo, kwa sababu kila kitu anauliza simu. Hata mvua ikimlowesha, anatazama simu kwanza kama kweli inanyesha.

"Siafu," alisema Mzee Sweta.

"Siafu ulimwona lini katoka peke yake?"

"Mwizi wa kuku!" Gugo akaruka. "Anatoka kwake peke yake, anafika polisi na kijiji kizima."

"Umekaribia, mjukuu wangu, lakini siye."

"Hoja hii iahirishwe," alinguruma Spika.

"Hakuna kuahirisha. Nipeni mji."

Wakaguna. Mwaka huu walishanipa Mbeya, Kyela, Tunduma na Dodoma. Mimi ni tajiri wa miji ambayo sijawahi kulala.

"Basi chukua Singapore, Bibi," alisema Gugo, macho kwenye simu. "Nimeisoma sasa hivi. Wanasema ni kati ya miji salama kabisa kwa mtu anayesafiri peke yake. Unazurura, simu mkononi, na hakuna anayekugusa."

"Hakuna anayekugusa," aliuliza Mzee Sweta, "au hakuna anayekusalimia?"

"Singapore nimekwenda," nikaanza, kama kitendawili kinavyotaka kabla ya kutoa jibu, "na watu wa Singapore wakani—"

"Bibi, shuka kwenye hiyo ndege. Huo mji una mwenyewe."

Alikuwa ni Esnath wa Bulyaga, muuguzi mstaafu, mjane, anakunja mwavuli. Tunamwita Mama Stendi kwa sababu nyumba yake ni kama stendi: kuna anayefika, kuna anayeondoka, kuna aliyelala kwenye benchi na hakuna anayemjua.

"Doreen mwanangu amenikatia tiketi," alisema. "Mwezi ujao naenda. Peke yangu."

Hata kahawa yangu iliacha kuchemka.

"Umegombana na nani?" Mzee Sweta aliuliza kwa sauti ya hospitali.

"Sijagombana na mtu."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"We Kyala, Mungu wangu! Mtu mzima, hajagombana, haumwi, anataka kukaa peke yake! Huyo si ndiye wa kuombewa?"

"Mzee wangu, nisikilize. Mimi nilizaliwa pacha. Hata tumboni nilikuwa na mpangaji mwenzangu. Nikaolewa kwenye nyumba ya mashemeji tisa. Toka nimepata akili sijawahi kunywa kikombe cha chai kikaisha bila mtu kupiga hodi. Nataka wiki moja tu. Nifunge mlango, ninywe chai mpaka nione kitako cha kikombe."

Nilimtazama nikaona hatanii. Macho yake yalikuwa ya mtu mwenye njaa.

Spika akasimama. Mnapaswa kujua kwamba ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na kwenye ukoo ndiye aliyebaki na neno.

"Mke wa kaka yangu haendi nchi za watu peke yake. Nitamsindikiza."

"Mpaka stendi?"

"Mpaka Singapore."

"Shemeji, wewe unakoroma. Nyumba ya tatu wanakusikia."

"Kule nitakoroma kwa Kiingereza."

"Kwanza kukoje?" aliuliza Mzee Sweta. "Kuna baridi?"

"Joto tupu, Mzee," alijibu Gugo. "Mwaka mzima, kama Kyela."

"Kama Kyela, na wana maendeleo? Mtu anayetoka jasho hivyo anapata wapi muda wa kujenga ghorofa?"

"Na mvua inapiga karibu kila siku."

"Aa! Sasa hiyo ni Tukuyu iliyotiwa lami."

"Treni zao nyingine hazina dereva."

"Gwe Hezron, usinitanie. Haina dereva, abiria wanamtukana nani?"

"Na kuna tunda linaitwa duriani, linanuka hatari, limepigwa marufuku kupanda treni."

"Tunda?" Mzee Sweta alishika masweta yote mawili. "Huku mkungu wangu wa ndizi unakaa kiti cha mbele, mimi nasimama!"

"Ukitema mate ovyo, faini."

Spika, aliyekuwa amejiandaa kutema, akameza.

"Mama Stendi," nikamuuliza, "na mizigo umeshaikubali?"

Akapumua. Huko Bulyaga habari ilikuwa imeshavuja. Jirani yake ameleta parachichi za kumpelekea mpwa wake aliyeko Malaysia, maana ameambiwa ni hapo tu. Mwingine ameleta majani ya chai. Mwingine ameleta jogoo, akaambiwa haiwezekani, akasema basi amshikie tu mpaka atakapopata jibu la uwanja wa ndege.

"Hoja ya msingi," Spika alirudi, "ni kwamba shemeji hawezi kuwa peke yake. Hana uzoefu."

"Naweza!"

"Tufanye mtihani. Utembee kutoka hapa mpaka geti la hospitali pale Makandana. Mguu kwa mguu, peke yako. Ukifika peke yako, mimi nafunga mdomo, unaenda zako Singapore. Ukifika na mtu, hata mmoja, kesho naenda kupiga picha ya pasipoti."

Mama Stendi alitutazama mmoja mmoja. "Mkiwa mashahidi, nakubali."

Gugo akateuliwa refa. Amfuate kwa mbali na pikipiki, haruhusiwi kuongea naye, atutangazie kwa simu. Mama Stendi akakaza kitenge, akaweka mkoba begani, akaondoka hata bila kuaga, kama anayekwenda kulipua daraja.

Nikaiweka simu yangu juu ya ndoo, sauti juu.

"Mpira umeanza!" Gugo alitangaza. "Mama Stendi anatembea vizuri upande wa kushoto. Haangalii mtu. Sasa anakaribia saluni ya Beatrice... Beatrice katoka mlangoni!"

"Asimjibu!" nilipiga kelele.

"Beatrice anauliza, 'Mama, unaenda wapi asubuhi yote hii?' Mama Stendi anajibu, 'Natembea tu.'"

Mzee Sweta akajishika kichwa. "Kaharibu! Natembea tu! Tukuyu hii nani anatembea tu? Angesema anafuata chumvi!"

"Beatrice anamtazama. Beatrice anavua aproni. Jamani, Beatrice kaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Anamfuata!"

"Bao!" Spika alipiga paja.

"Ngoja, Mama Stendi anajitetea. Anasema, 'Beatrice mwanangu, niache, nataka kuwa peke yangu.'"

Mimi nikafunga macho. Kwetu huku, maneno hayo mtu anayasema mara moja tu, akiwa ametoka kupokea habari mbaya.

"Beatrice anaita wengine! Wanatoka wamama wa nyanya! Elina wa kwaya katoka na ndoo ya maji kichwani, hajaitua! Na mteja mwenye nusu kichwa naye yumo! Mama Stendi anaongeza mwendo, nao wanaongeza. Mmoja anasema, 'Anakwenda hospitali, tazama uso wake.' Wanajifunga khanga viunoni..."

"Hesabu wangapi?" alidai Spika.

"Mzee, hawa hawahesabiki, wanapimwa kwa debe!"

Halafu ndani ya simu tukasikia sauti nyingine. Kwanza nyembamba, kisha nene. Elina alikuwa ameanzisha wimbo, ule wa taratibu, na wengine wakaupokea. Juu ya wimbo mtu akapiga ukunga.

Spika akavua kofia. "Jamani, nani amekufa?"

"Subiri niulize," alisema Gugo. Tukasikia pikipiki, tukasikia akinong'ona na mtu. Kisha pikipiki ikazimwa.

"Gugo? Gwe, upo?"

"Nipo. Spika, uko umekaa?"

"Sema!"

"Wanasema ni wewe."

"Mimi?"

"Wanasema Mama Stendi hana ndugu mwingine wa kumfanya atembee vile. Wanasema umeanguka asubuhi. Mmoja amesema yeye amekuona ukianguka."

"Mwambie niko hapa nakunywa kahawa!"

"Nimemwambia. Anasema nina mshtuko, nipewe maji."

Spika akaikamata simu. Nilidhani atafoka. Lakini alikuwa ametega sikio. Kule Makandana mama mmoja alikuwa analia kwa maneno: "Ambilikile wetu, uliyekuwa na sauti, sasa nani atatuita mkutanoni bila spika?"

"Kumbe wananipenda," alinong'ona, kwa mara ya kwanza toka nimfahamu.

"Mwingine anasema ulikuwa unakopa majembe hurudishi," Gugo aliongeza.

"Nani huyo? Mpe simu!"

Mama Stendi alirudi amelowa, amenyamaza, na nyuma yake kundi zima, kwa sababu walitaka kumwona marehemu. Marehemu aliwapokea kwa matusi, ndipo wakaamini. Wakacheka, wakakumbatiana, kahawa yangu ikaisha. Mama Stendi peke yake hakucheka. Alikaa kwenye kona ya baraza akishika kikombe, na kila alipokipeleka mdomoni mtu alimpa pole.

"Umeshindwa, shemeji," alisema Spika. "Kesho picha."

"Najua," alisema, akakiweka kikombe chini kikiwa bado kimejaa.

Lakini kesho yake, kabla Spika hajavaa shati la picha, walifika watu wa Kiwira na mikungu mitatu ya ndizi. Walisikia habari jana usiku. Mtu hawezi kupokea ndizi za msiba wake mwenyewe akaondoka; itabidi akae, aeleze, awapikie walioleta. Walipoondoka hao wakaja wa Masoko. Kisha wa Busokelo, waliolala. Habari ya kifo chake ilitembea kwa mguu na kila mahali ilifika mbichi, ile ya kufufuka ikabaki nyuma inatafuta usafiri. Watu wa Kyela walikuja na mchele na mchungaji wao, naye alikuwa ameandaa mahubiri marefu. Alipoona marehemu kafungua mlango, aliomba angalau ayasome.

Spika akawa hatoki. Siku akitoka, anakutana na waombolezaji njiani anarudi nao. Nyumba yake ikawa stendi. Na nyumba ya Bulyaga? Wageni wote walihamia msibani. Nilipita huko jioni moja, nikamwona dirishani Mama Stendi anapanga begi, mlango umefungwa. Nikapita bila kupiga hodi. Haikuwa rahisi.

Siku ya safari alipanda gari na begi moja na parachichi za Malaysia. Spika alikuwa anapokea watu kutoka Ileje.

Siku ya tano tumekaa barazani, simu ya Gugo ikaita kwa picha. Mama Stendi! Nyuma yake maghorofa yanang'aa, na anga ya mvua kama ya kwetu. Hata Spika alikuwepo. Alikuwa ametoroka kwake kupitia jikoni.

"Mugonile!" Mama Stendi alitusalimia Kinyakyusa. "Nimekunywa chai! Jana, chumbani! Nimeona kitako cha kikombe! Kimeandikwa maneno!"

Nikapiga vigelegele. "Na sasa uko peke yako?"

Akasita. "Sasa hapo, Bibi, ndipo nataka ushauri. Nilisimama hapa pembeni ya ukuta nifunge kitenge. Namaliza, nageuka, watu wamepanga mstari nyuma yangu. Wa mwisho simwoni."

"Wanataka nini?" Mzee Sweta aliuliza.

"Hawajui! Nimemuuliza wa kwanza kwa Kiingereza changu cha kliniki. Anasema kaona mtu kasimama, akajua mbele kuna jambo zuri."

"Si uondoke!"

"Nimeondoka, Mzee. Wamekuja."

Akageuza simu. Tuliwaona kwa macho yetu: wazee na vijana, wenye miavuli na wasio na miavuli, wamenyooka kama wanafunzi wa mstarini, wanatupungia mikono. Bibi mmoja wa rika langu, kofia ya jua kichwani, alitusalimia kwa kuinamisha kichwa, nami nikaitikia kwa mwiko.

Spika alisukuma watu akaweka uso mzima kwenye simu. "Shemeji! Waulize kama na hao wanadhani nimekufa!"

Mvua ikashuka kwa nguvu, simu ikakatika. Gugo akawasha pikipiki, Mzee Sweta akajifunika jani la mgomba, Spika akachungulia kwanza barabarani kama hakuna wanaokuja kumzika.

"Bibi," Gugo aliita akiwa tayari barabarani, "kile kitendawili chako! Anatoka nyumbani peke yake, akifika ni kundi!"

"Mama Stendi!" wakajibu wote watatu kwa pamoja.

Jibu langu lilikuwa Mto Kiwira, unaotoka mlimani peke yake na kuingia ziwani na mito wenzake. Lakini lao lilifaa zaidi, na mtu ukishindwa, umeshindwa. Nikafunika jiko langu, nikawarudishia Singapore yao.