Sampuli Namba Saba

Kwa heshima na taadhima, kwa niaba ya Kamati ya Kudumu ya Uchaguzi wa Oili Sahihi ya Koperative Twihute, nawatangazia wakazi wote wa Gisenyi, wa Rubavu na wa Cyanzarwe hadi mpakani, kwamba zoezi la kuchagua oili ya lori letu la dizeli limekamilika kwa asilimia mia moja. Limechukua siku ishirini na tatu, vikao kumi na vinne na sampuli saba. Mimi ndiye sekreteri wa Kamati. Nimekulia Kigoma, Kiswahili changu ni cha shule, ndiyo maana naandika mimi na si wengine.

Wapo wenye midomo wanaosema lori lingewekewa oili siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, likaenda zake. Hao hawajui utawala. Lori kuondoka ni jambo la dereva yeyote; lori kuondoka kwa utaratibu kunahitaji watu wenye mihuri.

Twihute ina lori moja, Fuso. Dereva wake ni Mudathiru, mtoto wa mjini hapa hapa, ukoo wa wauza vitambaa, miaka kumi na moja kwenye usukani huo huo. Jumatatu ile alipaki uani, akafungua nati ya chini, akamwaga oili ya zamani ikiwa bado ya moto, kama vidanje, yaani kubadilisha oili, inavyotaka. Halafu akaja ofisini na karatasi.

"Perezida, naomba musaini hapa. Quinze-quarante ya dizeli, ile ya siku zote. Kesho nipande Cyanzarwe kubeba viazi ya Mama Mukasine."

Perezida wetu, Mzee Rutagengwa, alivua miwani. "Ile ya siku zote. Nani aliichagua?"

"Iko kwa kitabu ya gari. Na iko imeandikwa pale kwa kifuniko: kumi na tano, W, arobaini."

"Nauliza nani ndani ya koperative."

Mudathiru akafikiri. "Hakuna mutu."

Miaka kumi na moja, lori la wanachama linatembea na oili isiyochaguliwa na mtu. Nakiri nywele zilinisimama. Kamati iliundwa kabla chai haijapoa.

"Lakini Perezida," akasema Mudathiru, "mi nilishamwaga ya zamani. Moteri iko kavu."

"Vizuri sana," akajibu Perezida. "Hatutafanya kazi kwa haraka haraka, maana lori halitatutoroka."

Sasa kuna huyu Mama Mukasine. Analima Cyanzarwe kwenye mashamba ya kukodi, na viazi vyake vyote vya msimu vilikuwa vimeshachimbwa, tani tano, viko chini ya turubai kando ya njia. Shule moja ya bweni ilikuwa imekubali kuvichukua kabla wanafunzi hawajarudi. Mvua ilikuwa inanyesha. Alikuja kwenye kikao cha kwanza bila mwaliko, akatoa kiazi kimoja kwenye kitenge, akakiweka mezani mbele ya Perezida.

"Muangalie. Leo kiko muzuri. Mi sina neno lingine."

Sikupata kifungu kinachomzuia, basi nikaandika kwenye muhtasari: kiazi kimoja kimepokelewa.

Ieleweke kwamba Perezida alikuwa ameshatia saini imihigo, zile ahadi za utendaji ambazo kila kiongozi wa nchi hii anasaini na kupimwa nazo. Aliahidi mbele ya Shirikisho letu vikao kumi na vinne na sampuli saba. Kuhusu lori kufika Cyanzarwe hakuahidi chochote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumlaumu.

Kikao cha tatu kilishughulikia herufi W. Mshauri wetu wa ufundi, Védaste, aliyerudi kutoka Kampala, alieleza kuwa W ni ya baridi ya Ulaya, ya theluji. Perezida akauliza kama Gisenyi kuna theluji. Hakuna aliyekuwa na takwimu. Ujumbe wa watu wanne ulitumwa ufukweni mwa ziwa alfajiri kuhisi baridi, ukahisi, ukanywa chai na maandazi, ukarudi kupendekeza kwamba W itambuliwe kwa muda.

Mudathiru, aliyekuwa amesimama mlangoni, alidakia. "Wakubwa, ni kitu kidogo sana. Asubuhi moteri imelala, oili inapaswa kukimbia mbio ifike juu. Ukipanda mulima na mizigo, moteri inakuwa moto, donc oili isikuwe maji. Ile namba njo inasema hivyo. Hakuna kingine."

Alishukuriwa, akakumbushwa kuwa madereva hawana kiti kwenye Kamati. Mama Mukasine aliweka kiazi cha pili. Kilikuwa kimeanza kuota macho, nacho kilipokelewa.

Kikao cha sita ndicho kilichonipa fahari ya kuwa mtumishi. Mweka hazina wetu, Belyse, fundi cherehani wa sokoni, alisema: "Mi nataka kuuliza. Ile oili ya Mudathiru niliiona. Siku moja tu ndani ya gari na iko nyeusi kama sufuria ya makaa. Ni nini hiyo?"

Hapa ndipo nyumbani kwa usafi. Kila mwisho wa mwezi tunatoka kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, tunafagia hata mbele ya nyumba zisizo na watu. Na sisi wenyewe tunatia kitu kinachochafuka siku ya kwanza kazini.

"Oili hiyo haina nidhamu," akasema Perezida. Usafi ukawa kigezo namba moja.

"Mungu wangu," akasema Mudathiru pale mlangoni. "Perezida, oili ya dizeli inakuwa nyeusi juu ya kubeba masizi ya moteri. Iko inatumika. Ile yenye kubakia safi, njo haitumike."

Nilimwandika kuwa ametoa kauli ya kukatisha tamaa watumishi.

Tukatafuta sampuli. Mjini tulipata nne, na mbili shemeji yake Belyse alituvushia mpaka wa Grande Barrière kutoka Goma. Sita. Mji mzima umekwisha, tathmini iko mlangoni, na sita kwa saba ni asilimia themanini na tano na ushee. Perezida hakulala siku mbili. Siku ya tatu Belyse alifungua mkoba, akatoa kichupa chake cha oili ya cherehani, akakiweka mezani. Nilikiandikia namba saba kwa mkono wangu, na machozi yalinilengalenga.

Sampuli zilimiminwa kwenye glasi, zikapangwa dirishani, zikachunguzwa siku tisa. Zile sita zilikuwa na rangi ya chai, nyingine ya asali. Namba saba ilikuwa nyeupe kabisa, hata Perezida aliweza kusoma muhtasari kupitia glasi yake. Ilishinda kwa kura zote.

"Hiyo ni ya sherehani," akasema Mudathiru.

"Cherehani si mashine?" akauliza Perezida.

Védaste akathibitisha kuwa ni mashine, na hoja ikafungwa.

Siku hiyo Mama Mukasine alileta kiazi cha kumi na tatu. Kilikuwa cha kijani upande mmoja na upande wa pili kimelegea. "Hiki musikiangalie, munuse tu," akasema. Perezida akageuza uso. Mama akaendelea, taratibu, kama anayehesabu mishono: "Shule inafunga geti yake kesho saa kumi na mbili jioni. Wakikosa viazi yangu wanachukua ya mutu mwingine. Mi nikikosa shule, sina mbegu ya msimu unaokuja, na lile shamba la kukodi linaenda. Sasa niambieni, mi na watoto yangu tutakula hizi makaratasi zenu?"

Nitasema ukweli, ingawa hauhusiani na ajenda: nilimwonea huruma, nikaona aibu kushika kalamu. Kisha nikaandika: kiazi kimoja kimepokelewa, pamoja na harufu.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya tathmini. Mkaguzi wa Shirikisho, Madamu Uwineza, alifika mapema na daftari dogo. Uani kulikuwa na utepe, viti vya plastiki na Fanta. Tulikuwa tumenunua vichupa vya oili ya cherehani hadi vikaisha sokoni. Mafundi wa Gisenyi wiki hiyo walishona kwa kelele. Perezida alihutubia nusu saa, kisha akaamuru Fuso ifunguliwe.

Mudathiru alifuta mikono kwa kitambaa, akasogea, akainama kwa adabu. "Perezida, munisamehe. Kwetu mutu akileta pombe, anaonja yeye kwanza, mugeni aone hakuna sumu. Sindiyo? Hii oili mumeileta nyinyi. Na gari yenu ya jipu iko hapa, na yenyewe ni dizeli. Fuso ni ya viazi tu, itangulie jipu ya mukubwa? Itakuwa aibu."

Wazee waliokuwa kwenye viti wakaitikia. Madamu Uwineza akatikisa kichwa kukubali. "Ni mila," akasema. "Mwenyeji anaonja."

Perezida alinitazama. Nilipitia kanuni haraka haraka, sikuona njia ya kumtoa. Basi jipu likamwagwa oili yake, likajazwa namba saba, kichupa baada ya kichupa, watu wakipiga makofi kila kumi. Lilipojaa, vichupa vikawa vimekwisha.

"Na Fuso?" akauliza Madamu.

Nikasimama kueleza kwamba, kwa kifungu cha tisa, ununuzi mpya unahitaji tangazo na miezi mitatu. Lakini sisi si watu wa kukwamisha wananchi. Nilipendekeza Fuso iruhusiwe kutumia kimiminika cha muda. Pendekezo lilipita, na mpaka leo naona ni kazi yangu bora.

Mudathiru akachomoa dumu lake la oili ya siku zote nyuma ya kiti. Lilikuwa pale siku ishirini na tatu. Alimimina, akasubiri, akachomoa kijiti cha kupimia, akakitazama, akawasha. Fuso ikanguruma kama vile haikuwahi kusimama. Mama Mukasine alikuwa ameshapanda, na Madamu Uwineza akaomba kukaa kando yake.

Sisi tulitangulia kwenye jipu, bendera ya koperative mbele, Perezida kwenye usukani, mimi nyuma na daftari. Tambarare tulikwenda vizuri. Kilima cha Cyanzarwe kilipoanza, taa nyekundu iliwaka mbele yake.

"Hiyo taa haikuwa kwenye ajenda," akasema Perezida.

Ndipo moteri ikaanza kugonga, ko ko ko, ikagonga zaidi, ikatoa moshi, ikakwama, ikazima. Tukasimama katikati ya kilima. Fuso ikatupita bila kupunguza mwendo, maana lori likipanda halisimami.

Ilirudi baada ya saa mbili, imejaa. Katika tani tano, tatu na nusu zilikuwa bado nzima. Ilikuwa saa kumi alasiri. Geti la shule lingewasubiri. Madamu Uwineza akashuka, akachomoa kijiti cha jipu. Oili ilikuwa nyeupe, haina doa. Akachomoa cha Fuso, akakifuta kwenye karatasi, ikabaki alama nyeusi.

"Hii safi ndiyo imeua gari?"

"Eee, Madamu," akasema Mudathiru.

"Na hii nyeusi?"

"Imetoka kazini."

Madamu akatazama mikono ya Perezida, halafu yangu. Mikono yetu ilikuwa safi sana. Akaandika ripoti palepale, juu ya boneti ya jipu, nami nainukuu kama ilivyo: Kamati imetimiza imihigo yake kwa asilimia mia moja. Imwagwe yote leo, ikiwa bado ya moto.

Perezida alipinga. Akasema jipu lake litahitaji moteri mpya, na oili yake, na kwa kifungu cha tisa oili yoyote lazima ipitishwe na Kamati. Madamu akakubali kuwa kifungu kiko wazi. Basi jipu lingoje Kamati, akasema, akarudi kukaa ndani ya Fuso.

Mvua ikaanza. Perezida akasogea kwenye dirisha la Fuso, koti lake zuri limeanza kulowa. "Mudathiru. Nipe nafasi."

"Ndani kumejaa, Perezida. Muone wenyewe, wamama wako hapa. Ila juu ya viazi iko nafasi."

Alipanda kwa kushika kamba, kiatu kimoja kikatumbukia katikati ya magunia, nikamsukuma kutoka chini. Mama Mukasine alitoa kichwa dirishani akanitazama.

"Sekreteri," akasema, "andika."

Nikafungua daftari kwenye mvua, nikaandika: perezida mmoja amepokelewa.