Wiki ya Kujitia Hamnazo

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya chuo imefika. Alama zangu za mtihani wa akili ni mia moja arobaini na moja. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Wameeleza kwamba katika kila watu elfu moja, wenye kichwa kama changu hawazidi watatu. Wale wengine wawili nawahurumia. Najua wanayopitia.

Kwa kumbukumbu: mwezi uliopita wanafunzi wawili wa chuo walikuja kazini kwetu, tunakoshona sare, wakaomba watu wa kujaribiwa akili. Nilijitokeza peke yangu. Wenzangu walikuwa wanakunywa chai. Maswali mengi yalikuwa ya maumbo: hili ukiligeuza litafanana na lipi kati ya haya manne. Nilimaliza mapema, nikawarekebishia swali la kumi na saba.

Jioni nimemsomea mke wangu. Amesikiliza vizuri, akanipa mkono wa pongezi, akauliza kama barua inasema lolote kuhusu mtu anayesahau kununua chumvi siku tatu mfululizo. Haisemi. Mama mkwe, ambaye yuko kwetu kwa ajili ya matibabu ya goti, amesema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kisha akakitazama kichwa changu. Sina nywele tangu nilipotimiza miaka thelathini na mbili. Nimeiacha ipite.

Mambo mengi ya maisha yangu sasa yameeleweka. Kwa nini mwalimu wa darasa la nne alikuwa akiniambia nishushe mkono, wengine nao wana midomo. Kwa nini watu wakiniona naja kwenye meza ya chai hukumbuka ghafla kwamba wana kazi. Miaka yote hii nilidhani hawanipendi. Kumbe ni akili tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimebandika nakala ya barua kwenye ubao wa matangazo, kati ya zamu za usafi na tangazo la funguo zilizopotea. Kwa taarifa tu. Sikusema neno. Nilisimama karibu kidogo ili mwenye swali asihangaike kunitafuta.

Wa kwanza alikuwa Mama Pasi, anayenyoosha nguo zote zinazotoka hapa. Hakuwa na miwani. Aliuliza kama ndiyo barua ya zile funguo. Nilimsomea. Akasema hongera mwanangu, akanishika bega, akaenda, akarudi na redio yake mbovu. Alisema mtu mwenye akili zote hizo hawezi kushindwa na redio.

Nimeshindwa na redio.

Hadi saa sita nilikuwa nimeletewa saa ya mkononi, fomu ya kuombea pasi ya kusafiria, na ugomvi wa washonaji wawili: mmoja anataka dirisha liwe wazi, mwingine anataka lifungwe. Nilitoa hukumu. Sasa wote wawili hawasemi nami. Wao kwa wao wanasemezana vizuri sana.

Na Mkasi. Mkasi ni mkataji mwenzangu. Jina lake halisi watu walishalisahau. Tunakata vitambaa kwenye meza moja, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Jumamosi msimamizi atatangaza nani kati yetu awe kiongozi wa meza. Mkasi hajawahi kupimwa akili na mtu yeyote. Leo ameanza kuniita Profesa. Profesa, nisogezee chaki. Profesa, futi umeikalia. Hadi kufikia jioni wote walikuwa wamelishika jina hilo. Mlinzi wa getini amenisalimu Profesa, kisha akapekua mkoba wangu kama kawaida.

Kwenye chai ya saa kumi tulikuwa sita. Mshonaji wa vifungo akaanza kusimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyoingia sebuleni kwake. Ilikuwa wazi kwamba mbuzi alikula pazia, kwa hiyo nikamsaidia kumalizia. Wakaondoka mmoja mmoja. Nimemaliza chai na viti vitano.

Baada ya hapo nikakata mikono ya makoti arobaini ya zahanati, kichwa kikiwa mbali. Kisha nikaiondoa barua ubaoni. Nimeifahamu sasa shida yangu. Watu wanaiogopa akili kama wanavyoogopa mbwa ambaye hajafungwa.

Jumatano, 5 Machi

Mpango umekamilika. Kuanzia leo najitia hamnazo. Kwa hatua, maana nikiupoteza ubongo wote siku moja watashtuka. Hatua ya kwanza: kuuliza jambo ambalo kila mtu analijua.

Nilimwendea msimamizi wetu, mama mmoja mwembamba asiyekaa kitini hata siku ya mshahara. Nikamuuliza kwa nini tunapokata tunaacha nafasi pembeni ya kila kipande. Nilitarajia anishangae. Alivua miwani. Akavuta kiti, akakaa. Akanieleza dakika ishirini, tangu mwanzo, kwa kipande cha kitambaa na pini. Aliposimama aliniambia, kwa sauti ya chini, "Nimengoja miaka minne uniulize kitu."

Katika maelezo yake kulikuwa na jambo moja ambalo sikulijua: kitambaa kinachorudi na kuwa kifupi kikifuliwa huachiwa nafasi zaidi. Bahati mbaya tu. Ila sasa najua kilichoyapata yale mashati ya wahudumu wa hoteli.

Nyumbani nimeendeleza mpango. Nimemuuliza mama mkwe goti lake lilianzaje, kama vile simulizi hiyo siijui. Naijua: aliteleza. Nimemwacha aongee bila kumtangulia kufika mwisho. Saa nzima. Kumbe hakuteleza. Alikuwa anamkimbilia dereva wa basi ili amrudishie kofia yake, na dereva huyo baadaye akawa baba mkwe wangu. Miaka kumi na moja ya ndoa, na hili sikulijua. Siku zote nilimkatisha kwenye kuteleza.

Amenipa kipande kikubwa cha nyama. Mke wangu amenigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Alhamisi, 6 Machi

Hatua ya pili: kutoelewa utani. Asubuhi Mkasi alitania kuhusu mkataji na bwana harusi mwenye tumbo. Wote wakacheka. Nilikuwa nimeuona mwisho tangu katikati, lakini nikakunja uso nikamwomba anieleze. Uso wake uling'aa. Alieleza mara mbili, mara ya pili kwa mikono. Mara ya pili nikacheka. Sikukusudia.

Akanikaribisha chai. Mkasi! Tulikaa kwenye majora ya kitambaa, nikamuuliza, kwa ule ujinga wangu wa mpango, kwa nini mabaki yake huwa machache kuliko yangu. Alinivuta hadi mezani. Karatasi za vipimo yeye huzipanga kichwa kwa mguu, moja inatazama juu na jirani yake chini, zinaingiliana kama watoto wanaolala kitanda kimoja. Mimi huzipanga zote zikitazama juu, kwa heshima. Nimejifanya nimeshangaa. Nimejifanya vizuri mno hadi mdomo ukabaki wazi wenyewe.

Mshonaji wa vifungo amenimalizia habari ya mbuzi. Hakula pazia. Alipanda kwenye kochi akalala, na mume wake alipoingia gizani akamfunika shuka akidhani ni mkewe. Nimecheka hadi nikalishika tumbo. Ningewezaje kulikisia hilo?

Mpango unafanya kazi kuliko nilivyotarajia. Wananipenda, masikini. Hawajui walivyopigwa chenga.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Saa tatu washonaji waliacha cherehani zao wote kwa pamoja. Makoti ya zahanati hayaungiki. Mikono themanini niliyoikata Jumanne yote ni ya kulia. Karatasi ya mkono ilipaswa kugeuzwa katikati ya kazi. Sikuigeuza. Makoti yanachukuliwa kesho asubuhi.

Msimamizi alisimama mbele ya lile rundo jeupe. Wazo lilinijia haraka, kama kawaida yangu: nikasema nilifanya makusudi, ilikuwa sehemu ya mpango, hatua ya tatu. Aliniuliza mpango gani. Nikaona heri ninyamaze.

Tulianza hesabu. Mkasi akapima kitambaa kilichobaki. Kinatosha mikono kumi na minne. Mimi nikachukua karatasi nikatafuta kama mikono mirefu inaweza kukatwa upya iwe mifupi, na kama zahanati inaweza kutafutiwa wahudumu wanaotumia zaidi mkono wa kulia. Nilikuwa na jasho mgongoni. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba naweza kufukuzwa, na kwamba ningelazimika kwenda nyumbani saa nne asubuhi na kumweleza mke wangu.

Mama Pasi alikuwa amekuja kuuliza kwa nini hakuna nguo za kunyoosha. Akachukua mkono mmoja, akaugeuza, akauweka mezani kando ya mwenzake. Mmoja wa kulia. Mwingine wa kushoto.

"Hiki kitambaa hakina uso wala mgongo," alisema. "Mimi hukipiga pasi upande wowote. Mnagombania nini?"

Mkasi akanigeukia taratibu. "Profesa," akasema, "hivi ule mtihani wenu ulikuwa na maumbo ya kugeuza?"

Nilisema swali kama hilo halikuwepo. Lilikuwepo. Yalikuwepo ishirini na mawili.

Washonaji wamefanya kazi mfululizo na mimi nimeshika kila kipande walichotaka kushikiwa. Makoti arobaini yamekwisha saa kumi na moja. Nimemshukuru Mama Pasi mbele za watu. Alisema si kitu, kisha akauliza habari ya redio yake. Mkasi akaichukua, akafungua mfuniko wa nyuma, akageuza betri moja. Ikaimba.

Jumamosi, 8 Machi

Kiongozi wa meza ni Mkasi.

Msimamizi aliniita pembeni kwanza. Hakunificha kitu: kosa kama la mikono lingetosha kunifukuzisha. Lakini amesema wiki hii ameniona mtu mwingine, mtu anayeuliza, anayewaacha wenzake wamalize, na mtu wa aina hiyo hufundishika. Amenibakiza. Akaongeza kwamba akili nyingi huondoa maarifa, na kwamba nisikasirike, ni methali tu.

Sikukasirika. Lakini mimi ni mtu mkweli, na sikuweza kuendelea kuwadanganya watu wanaonipenda. Wakati wa chai nikasimama. Nikawaambia kila kitu: kwamba sikuwa mjinga hata kidogo, maswali yote yalikuwa ya kujifanya, ule mshangao kwenye meza ya kukata ulikuwa wa kujifanya, na kwamba chini ya haya yote nilikuwa vilevile mtu wa mia moja arobaini na moja.

Walitazamana. Mama Pasi alianza kucheka, bila sauti, mabega tu. Kisha mshonaji wa vifungo. Mkasi alicheka hadi akateleza kutoka kwenye jora akakaa chini.

"Basi endelea kujifanya," aliniambia akijifuta macho. "Unajifanya vizuri."

Wakanisogezea kiti katikati. Nimekunywa vikombe vitatu. Hakuna aliyeondoka hadi kengele ilipolia. Nikakumbuka kwamba sijawahi kuisikia kengele ya chai nikiwa na watu. Kwa kawaida huwa wameshaondoka zamani.

Nimelifikiria suala la uongozi njiani kurudi. Ni wazi. Msimamizi hataki kukichosha kichwa kama changu na mambo ya meza. Mkasi atapanga zamu, mimi nitabaki huru kwa makubwa. Mama huyo si mjinga. Mke wangu, nilipomweleza, amesema inawezekana kabisa, na akanishika mkono mbele ya mama yake, jambo ambalo si kawaida yake. Nilimletea chumvi. Pakiti mbili.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anahamia chumba kipya na amenunua kabati la nguo. Limefika vipande vipande kwenye boksi. Ameniomba niende kumsaidia kuliunganisha. Amesikia habari za alama zangu kwa dada yake. Tumekwenda watatu: mimi, mke wangu na mama mkwe.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelekezo, kurasa sita, yenye michoro. Nimeiweka pembeni. Karatasi za namna hiyo huandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Mke wangu ameiokota, akawa anaisoma akiwa ameketi sakafuni, na mara mbili amesema kwa upole kwamba kipande nilichoshika ni cha ukurasa wa nne. Nimemwambia apumzike. Shemeji ameuliza kama angemwita jirani, ambaye ni seremala. Nimecheka. Mama mkwe alifumba macho kama mtu anayesali.

Imechukua saa tatu na nusu. Mgongo unauma lakini kabati limesimama. Zuri, refu, limetulia. Milango inafungukia mbele. Droo zinafungukia nyuma.

Shemeji alizunguka mara mbili. Kisha akauliza, kwa adabu zake zote, "Shemeji, hizi droo na ukuta itakuwaje?" Nikamweleza kwamba mwizi huanzia mbele. Akifungua, hakuti kitu, anaondoka. Aliinamisha kichwa, akakishika kwa mikono miwili. Nadhani aliguswa. Mke wangu alikuwa ametazama dirishani, mabega yakimtikisika, naye aliguswa.

Tumerudi polepole, jua likiwa zuri, mama mkwe ameegemea mkono wangu. Wiki njema kwa jumla. Skrubu kumi na moja zimebaki, nimezitia mfukoni. Wenye kiwanda huweka za ziada kwa wale wasio na uhakika.