Buibui Arobaini wa Fundi Miavuli

Jumatatu, 2 Machi

Wazo la maisha yangu limenijia leo saa nne asubuhi, kibandani, nikitoa kitambaa kilichooza kwenye mwavuli wa mwenye bucha. Kitambaa kikatoka, vikabaki vyuma. Nikavihesabu: vinane. Nikavitikisa, vikatembea mezani. Buibui mtupu! Niliruka mwenyewe nikamwaga gundi.

Nitatengeneza filamu. Buibui wauaji wanavamia mji mdogo kama huu wetu. Watu watapiga mayowe, wengine watazimia. Kwenye pipa langu kuna miavuli arobaini ya wateja inayosubiri matengenezo, na redio imesema hakuna mvua mpaka mwisho wa mwezi.

Nashukuru kwa kuwa fundi miavuli. Kaka yangu ni fundi saa. Saa ina mishale mitatu tu, haitishi mtu.

Jumanne, 3 Machi

Nimevua vitambaa miavuli thelathini na tisa. Nimevipanga kwenye gunia, kila kimoja na mahali pake. Gunia limeanguka. Sasa ni vitambaa tu, karibu vyote vyeusi.

Matumbo ya buibui ni soksi nyeusi zilizojazwa mabaki ya cherehani ya mke wangu. Soksi zangu ziliishia kwa buibui wa saba. Nilipohamia zake sikumwambia.

Mchana akaniletea chakula, akaviona vyuma mezani. Akauliza, wenyewe wakija je? Nikamwambia redio imesema hakuna mvua. Akauliza, redio ikikosea je? Nikamjibu kwamba mwenye wasiwasi hawezi kutengeneza filamu. Akasema sawa, lakini nisiuguse mwavuli wenye mpini wa mbao, wa Mama Mkunga. Ulikuwa wa marehemu mumewe, na hutembea nao hata jua likiwaka. Hapa umeletwa kwa mshono mmoja tu ulioachia.

Nikaapa. Mama Mkunga amestaafu, lakini ndiye aliyenipokea mimi duniani. Amepokea nusu ya mji huu. Ukimuudhi yeye, umeudhi nusu ya mji.

Jumatano, 4 Machi

Nimeuvua wa Mama Mkunga. Sababu ni za kisanaa. Buibui lazima wawe na malkia, na vyuma vyake ni vya zamani, vinene, vinafunguka kwa mlio wa kutia ganzi meno. Nitauvika kitambaa chake tena kabla mwenyewe hajajua. Kitambaa chenyewe nimekitupia gunia lile lile. Nadhani hapo nilikosea.

Kamera nimeipata kwa Flashi, mpiga picha wa harusi, mwenye kamera, projekta na kichwa kikubwa kuliko vyote viwili. Sharti lake ni moja: yeye awe shujaa. Nani atashika kamera? Mimi. Amenifundisha kwa dakika tano, nne akinieleza upande gani wa uso wake ni mzuri.

Kwenye hadithi yangu shujaa anakufa mapema, ili watu wajue hawa buibui hawana mchezo. Flashi amekataa kufa. Anasema maharusi watamwona mkosi. Nimembembeleza angalau azimie. Amekubali kukohoa.

Alhamisi, 5 Machi

Tumepiga picha sokoni, buibui alfajiri kabla wenyewe hawajafika, watu baadaye. Nilimwomba muuza nyanya afe. Kasema ana wateja. Kinyozi kasema angekufa kama si kwamba mkewe ana roho nyepesi. Mwenye bucha alikubali, akalala chini, akainuka mara moja kuwafukuza paka. Kwa hiyo nina filamu ya buibui wauaji ambao hawajamuua mtu. Mmoja amekohoa.

Saa tisa Mama Mkunga akatokea kibandani. Nikamrukia na shikamoo mbili huku nikimsukuma malkia kwa kisigino nyuma ya pipa. Akasema Jumapili anasafiri kwenda kumwona mjukuu mchanga, na tangu afiwe hajasafiri bila ule mwavuli. Ataufuata Jumamosi. Nikamwambia uko hatua za mwisho. Akanipiga piga begani, akasema mama yangu angejivunia.

Ijumaa, 6 Machi

Nimepekua gunia siku nzima. Cha Mama Mkunga ni kipi? Vitambaa arobaini, sura moja. Nimejaribu vitano juu ya malkia. Kimoja kilikaa kama kofia iliyoazimwa.

Matangazo ya filamu yako ukutani: kesho, saa kumi jioni, ukumbi wa mikutano. Nimeamua kumwambia mke wangu ukweli kesho. Leo anaonekana amechoka, tena hajavaa soksi.

Jumamosi, 7 Machi

Mvua! Saa tatu asubuhi, si manyunyu, ni ya kumimina. Kufika saa nne foleni ilikuwa imetoka kibandani hadi kwa kinyozi, watu wamefunika vichwa kwa ndoo na mabeseni. Wote wanataka miavuli yao. Mama Mkunga alikuwa katikati, na mfuko wa plastiki kichwani.

Nikapata wazo. Nikatangaza huduma mpya: miavuli itakabidhiwa ukumbini, saa kumi. Nikajitia hamnazo nikafunga mlango.

Saa kumi ukumbi ulijaa pomoni. Mama Mkunga alikaa mstari wa mbele. Flashi akawasha projekta. Buibui wangu wakaingia mjini. Watu wakanyoosha shingo, nikajua mayowe yanakuja. Mwenye bucha akasimama, akaonyesha kidole, akasema yule wa pili kushoto ni mwavuli wake, anamjua kwa mguu uliopinda. Kinyozi akaona wake. Muuza nyanya akaona wake ukiburutwa kwa uzi kupita meza yake mwenyewe. Mtu akacheka, kisha ukumbi mzima. Flashi alipokohoa, watu walishikana mbavu. Yeye aliinuka akainama kushukuru.

Halafu malkia akafunguka, na ule mlio. Mama Mkunga akaujua mpini. Nilitamani benchi linimeze.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka mpaka akafuta machozi. Akasema marehemu alikuwa mwanamume wa miraba minne, lakini akimwona buibui alipanda kitini akamwita yeye aje amtoe. Leo mwavuli wake mwenyewe umekuwa buibui. Akaomba kipande kile kirudiwe. Tulikirudia mara tatu.

Nilipogeuka kwenda kuungama, mke wangu alikuwa mlangoni, ameshika mwavuli wenye mpini wa mbao, mzima, umeshonwa. Alijua tangu Alhamisi, alipoleta chakula akamwona malkia nyuma ya pipa. Leo nilipokuwa napanga mabenchi ya ukumbi, alifungua kibanda, akamchukua malkia na gunia. Kitambaa alikitambua mara moja, kwa sababu kiraka chake alikishona yeye miaka sita iliyopita. Mimi ningejaribu mpaka mwakani.

Akamkabidhi Mama Mkunga kwa mikono miwili. Kisha akaweka cherehani barazani pa ukumbi, akashona mmoja baada ya mwingine, na watu, kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda bila miavuli, wakaitazama filamu mara ya pili. Nilikimbia kibandani kuwaleta buibui wengine, nikakaa karibu yake nikimpa vyuma. Nilimwambia asante. Akasema nimlipe soksi.

Jumapili, 8 Machi

Mama Mkunga ameondoka. Kasimama kibandani, kaufungua mwavuli kwa ule mlio, akanikumbatia. Nashukuru kwa mke huyu, kwa mji huu, na kwa mvua. Hata kwa Flashi, anayewaambia watu filamu ni yake.

Mke wangu ameniapisha, mkono juu: sitatoa tena kitambaa kwenye mwavuli wa mteja kwa ajili ya filamu. Nimeapa kwa moyo wote. Mtu lazima ajifunze.

Jumatatu, 9 Machi

Upepo na mvua ya jana vimevunja miavuli mingi. Kufika saa nne nilikuwa nimeletewa kumi na tisa. Nikaitundika darini ikauke, mipini juu, nusu imefunguka, vitambaa vinaning'inia.

Popo!

Kiapo kiko pale pale. Kitambaa hakitoki, popo anakihitaji. Masikio nitayakata kwenye glavu za mke wangu, nitamwambia baadaye. Flashi anakubali kupiga chafya. Redio imesema hakuna mvua mpaka mwisho wa mwezi, na safari hii wana uhakika.